Simbi Zenye Meno

Paukwa!
Pakawa!
Nikiita mimi?
Tunaitika!
Akiita usiyemjua?
Tunanyamaza!

Haya. Hapo kale, kale sana, wanyama walinunua na kuuza kwa simbi, zile kombe ndogo nyeupe. Mmewahi kuipindua simbi mkaitazama? Ina kinywa, na kinywani mna meno. Leo nitawaambia kinywa kile kinakula nini.

Nyegere na mkewe walikuwa wamezika watoto wawili. Mama hakuwa na maziwa, watoto wakafa kwa njaa. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Nyegere akaapa: "Huyu hafi! Nitanunua ng'ombe." Akachimba asali, akaiuza, akapata simbi ishirini. Akazitia chunguni, akakifukia chungu nyuma ya nyumba.

Mkewe akamwambia, "Mume wangu, ng'ombe ni simbi thelathini. Hizi zinatosha mbuzi wawili. Mbuzi naye ana maziwa."

"Mbuzi hufa," akajibu Nyegere. "Simbi haifi."

Jirani yao, Bi Kuchakuro, yeye alinunua mbuzi watatu. Mmoja akafa kweli. Nyegere alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku ya gulio, jua likiwa la utosi, akaja mgeni. Mrefu, kajitanda shuka hadi machoni. Kabeba gunia la simbi zinazochuruzika maji, na bahari iko mwendo wa siku tisa! Hakuuliza bei. Alinunua, akaenda zake, na mchangani hapakuwa na unyayo hata mmoja. Wauzaji wakashangilia. Wajinga wale, mtu hana nyayo nao wanashangilia!

Nyegere akafikisha thelathini. Akafukua chungu, akasikia sauti nyembamba, nyingi, zikiimba:

Tuko sote, hatupungui,
Tunakula, hutusikii.

Nywele zikamsimama. Akachungulia: simbi zote zipo. Akakimbia sokoni.

"Ng'ombe sasa ni sitini," akasema Ngiri, muuza ng'ombe. "Simbi zimejaa kila nyumba, ndugu yangu."

Nyegere akarudi kuchimba. Mgeni naye akarudi, na magunia matatu. Mbuzi wa Bi Kuchakuro wakazaa.

"Nunua hata mbuzi mmoja, nakuomba!" mkewe akalia.

"Ngoja kidogo."

Akafikisha sitini. Akafukua chungu:

Tuko sote, hatupungui,
Tunakula, hutusikii.

Simbi zote zipo. Sokoni, ng'ombe ni mia mbili. Akarudi anayumba kama mlevi.

Mwezi ulipoandama, mtoto akazaliwa. Mama hana tone. Mtoto akalia siku nzima, kisha akaanza kunyamaza, na kunyamaza kule wazazi wake walikujua tangu kwa wale wawili. Nyegere akabeba chungu kizima hadi kwa Ngiri, nacho kinaimba njia nzima:

Tuko sote, hatupungui,
Tumeshiba, hutusikii.

"Nipe kibuyu cha maziwa tu!"

Ngiri hakugeuka hata kutazama. "Hizo wanachezea watoto siku hizi."

Nyegere akaanguka mlangoni kwa Bi Kuchakuro. "Dada, mwanangu anakufa. Chukua chungu chote."

"Simbi zako sizitaki," akasema Bi Kuchakuro. "Makucha yako ndiyo hayajashuka bei. Nichimbie mashamba yangu, mvua hadi mvua. Mkeo na mtoto wakae hapa, wanywe."

Nyegere akachimba. Akaondoka kabla ya jua, akarudi mtoto kalala. Mvua hadi mvua. Mtoto akanenepa, akasimama, akasema. Siku kazi ilipokwisha, Nyegere alikuja mchana, kajaa udongo, akanyoosha mikono. Mtoto akajificha nyuma ya mama.

"Mama, huyu ni nani?"

Nyegere akalia. Na mimi, kila nikifika hapa, huwa nalia.

Basi, wanangu, kinywa cha simbi hula kile simbi inachonunua. Usiulize akiba yako ni ngapi. Uliza leo inanunua nini. Usiweke yote chunguni. Weka kidogo kwenye kinachozaa, kidogo kwenye kinachoota, kidogo kwenye mikono inayojua kazi.

Ngano yangu nimeifikisha mlangoni. Iliyo njema ichukueni. Iliyo mbaya niachieni mwenyewe.