Gurudumu la Nje

Wapendwa, kulikuwa na baba mmoja aliyefiwa na mkewe. Akabaki na binti yake wa darasa la saba, na kigari cha rimoti ambacho zamani walikishindanisha wote watatu kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kiwanda cha matofali.

Miezi ikapita bila mtu kukigusa. Siku walipokirudisha uwanjani, kigari kilikuwa hakishikiki. Kwenye matuta kilirukaruka, kwenye kona kikateleza hadi nje ya njia. Mwisho kikapinduka magurudumu juu, na yule binti akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, watoto wenzake waliokuwa uwanjani nao wakacheka.

Baba yake moyo ukamchoma. Yeye hata redio alikuwa hajaifungua tangu msibani. Akamwambia mbele za watu, "Umeshamsahau mama yako?"

Mnajua neno la namna hiyo linavyoingia kwa mtoto? Kicheko kilikatika hapo hapo. Wakarudi nyumbani, binti akitembea nyuma, mbali na baba yake.

Jioni baba akakifungua kigari mezani. Springi za shokomzoba zilikuwa zimekazwa mno. Akazilegeza ili magurudumu yafuate ardhi. Kisha akafungua difu, ile gia inayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia. Ilikuwa na oili nzito, aliyoitia mwenyewe kabla ya kwenda uwanjani akidhani gari litatulia. Akaimwaga, akatia nyepesi. Binti akasogea taratibu.

"Kwani oili nzito ina ubaya gani, baba?"

"Inayalazimisha magurudumu yaende sawasawa, mwanangu. Kwenye kona haiwezekani. La nje lina njia ndefu, lazima likimbie. La ndani njia yake fupi, linakwenda polepole. Ukiyalazimisha, gari linakuponyoka."

Binti akalizungusha gurudumu kwa kidole. "Kwa hiyo la nje likikimbia, halijaliacha la ndani?"

"Litaliachaje? Si yapo kwenye gari moja?"

"Basi na mimi nikicheka, baba, sijamwacha mama. Wala wewe sijakuacha."

Bisibisi ikamponyoka yule baba. Akamvuta mwanawe kifuani, akalia kilio alichokuwa amekibana tangu makaburini. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Wewe cheka tu. Mimi naja, taratibu."

Ndugu zangu, sisi ni wangapi tunaowapima wenzetu kwa machozi? Mjane akivaa nguo ya rangi, tunanong'ona. Mwingine akilia mwaka wa pili, tunamwambia inatosha. Nani alitupa kazi ya kuzikaza huzuni za watu ziende mwendo mmoja? Mungu anayetupitisha kwenye kona hii anaijua njia ya kila mmoja wetu.

Nyumbani kwako yupo mtu uliyemkatiza kicheko, au kilio. Leo usimpelekee mahubiri yangu. Nenda kamwombe radhi.