Taji la Muda

Wapendwa, kabla sijaendelea, kila mmoja apeleke ulimi kwenye gego lake la mwisho, kule nyuma, aliguse. Naona wengine mmekunja uso. Basi kaeni na hilo jino mpaka nimalize.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya katika usharika fulani wa milimani. Aliimba sauti ya tatu, na akianza yeye, hata wale waliokuja kanisani kusinzia waliinua vichwa. Siku moja alikuwa anakula makande kwenye sherehe ya kipaimara kwa jirani, akauma jiwe, gego likapasuka katikati. Akajitibu kwa karafuu. Akanywa vidonge vya dukani. Akawa anatafunia upande mmoja, mpaka Jumatano moja mazoezini akashindwa kabisa kufungua kinywa, ndipo akashuka mjini kwa daktari wa meno.

Daktari mwenyewe alikuwa mama wa makamo, asiyependa maneno mengi. Akamchoma ganzi, akachimba, akatoa uozo alioweza kuutoa siku ile, akaweka dawa, kisha akalivika jino kitu cheupe kinachofanana na jino lenyewe. Mwalimu akauliza kinaitwaje. Akaambiwa kinaitwa taji. Akacheka kwa mdomo wake wenye ganzi, kwa sababu kwaya yake ilikuwa inajifunza wimbo wa taji la uzima kwa ajili ya sikukuu ya mavuno.

"Mwalimu, nisikilize," daktari akasema. "Hili ni taji la muda. Mzizi wa jino bado una uozo. Rudi baada ya wiki mbili niumalizie, ndipo nikuvike la kudumu."

"Na maumivu yakiisha kabla ya hapo?"

"Yakiisha ndiyo uje mbio. Mzizi ukishakufa hauumi tena."

Nawauliza ninyi, kuna namna ya kusema wazi kuliko hiyo?

Siku ya nne maumivu yakakatika kama umeme. Mwalimu akalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima. Jumapili, ulipofika wakati wa ushuhuda, akasimama. Ndugu zangu, msimhukumu upesi, hakwenda mbele kudanganya. Moyoni alikuwa amepanga kusema, "Namshukuru Mungu, naendelea vizuri, ila bado sijapona." Lakini alipofika kwenye "naendelea vizuri", akina mama wakawa wameshaanza vigelegele, kinanda nacho kikaitikia, na watu wote walikuwa wanamtazama kwa furaha. Akaliruka lile neno "bado". Akasema, "Nimepona." Akafungua kinywa, wazee wa kanisa waliokaa mbele wakainama kulitazama taji.

Wiki mbili zikatimia. Alivaa viatu vyake vya safari akatoka. Njiani akakutana na waimbaji wake wawili, wakamuuliza anakwenda wapi. Alijua akisema anakwenda kwa daktari wa meno, swali litakalofuata ni moja tu, si ulishuhudia? Akajibu kwamba anafuata nyuzi za gitaa. Wakaagana, akazunguka nyuma ya shule akarudi nyumbani. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko jino lilivyowahi kumuuma.

Mwezi wa tatu tangu avikwe taji, taya likavimba. Akafuga ndevu. Akaanza kujifunga skafu shingoni, akawaambia watu ni mafua. Lakini mke hafichwi. Alimwekea uji mezani, akakaa mbele yake.

"Baba Elinami, hilo taya si la mafua. Twende kwa daktari."

"Nilisimama mbele ya watu wote nikasema nimepona. Leo nirudi niseme nini?"

"Sema bado."

Akainamia uji wake. Na mkewe hakumsukuma zaidi, kwa sababu siku ile ya ushuhuda hata yeye alikuwa amepiga vigelegele.

Wiki ya mavuno uvimbe ukashuka shingoni na kupanda chini ya ulimi. Jumamosi aliongoza mazoezi kwa mikono tu, sauti haikutoka. Wimbo haujafika mwisho, akaanguka. Hospitali walisema usaha ulikuwa umeziba njia ya pumzi, na kwamba angeletwa siku tatu mapema wangemwokoa. Jumapili asubuhi, watu wakiwa wanapanga ndizi na maboga mbele ya madhabahu, akafariki.

Waliomwosha waliona kinywa chake. Kilikuwa kimeharibika chote, cheusi. Taji peke yake lilikuwa jeupe, zima, halina hata mkwaruzo. Alizikwa nalo. Kwaya ikamwimbia ule wimbo wa taji, na sauti ya tatu haikupata wa kuiongoza.

Najua mnangoja niseme, msifunike uozo. Hilo mnalijua tangu Shule ya Jumapili. Mimi nauliza jingine. Ni nani waliopiga vigelegele kabla mtu hajamaliza sentensi yake?

Ni sisi. Yupo ndugu yetu alishuhudia hapa kwamba ameacha pombe. Alipoanguka tena, tulisema nini? Si alishuhudia? Tangu hapo hatujamwona. Yupo dada alishuhudia kwamba ndoa yake imepona, tukamshangilia sana, na leo yumo humu ndani, na joto hili lote, amevaa mikono mirefu. Sitamtaja. Hawa wote waende wapi, ikiwa kwetu mtu akishasema amepona hana ruhusa ya kuumwa tena? Tumewavika mataji ya muda, kisha tumesimama njiani wasirudi kwa daktari. Nami naogopa, wapendwa, kwamba tutawazika hivyo hivyo, nasi tutaimba vizuri sana.

Sasa ni wakati wa ushuhuda. Akina mama, leo naomba tusipige vigelegele. Kinanda nacho kinyamaze. Atakayesimama aseme neno moja tu, lile ambalo mwalimu aliliruka. Na asiwepo wa kusema mchungaji anawatuma watu mahali asikokwenda mwenyewe, naanza mimi.

Bado.