Mama Aliyeiambia Kompyuta "Baadaye"

Wapendwa, niazimeni masikio yenu kidogo; nitayarudisha kabla jua halijawa kali.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, ambako hata saa nne asubuhi watu bado wamefunga sweta mpaka kooni, aliishi mama mmoja mjane, mwalimu wa kwaya. Sebuleni kwake, juu ya meza iliyonunuliwa kuwa ya chakula, ilikaa kompyuta. Ilikuwa ya zamani, yenye kisogo kama televisheni za kwanza, na aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama alivyofunika makochi na redio. Kuiwasha kulihitaji subira. Mama aliiwasha, akaenda jikoni, akakata vitunguu, na alipofika kwenye nyanya ndipo kioo kilipomkaribisha.

Ndani yake zilikuwamo nyimbo mia moja na kumi na nane alizotunga marehemu mumewe. Zote ziliandikwa kwa nota za solfa, do re mi, sauti nne nne, kwa programu aliyoitengeneza rafiki yao, mwalimu wa hesabu, ambaye naye ametangulia. Programu hiyo ilikubali mfumo wa zamani wa kompyuta ile, na si mwingine. Mama alikuwa ameshajaribu. Alizipeleka nyimbo kwa flashi mpaka kwenye kompyuta mpya ya ofisi ya usharika, wakazifungua, wakaona viboksi vitupu, mstari baada ya mstari, kama shamba lililopitiwa na nzige. Akarudi nyumbani ameikumbatia pochi yake njia nzima.

Na wimbo ule wa mwisho, wa mia na kumi na nane, ulikuwa haujakamilika. Marehemu aliandika sauti ya kwanza, ya pili, na teno. Besi hakuiandika. Aiandike ya nini, wakati mwimbaji wa besi alikuwa yeye mwenyewe? Aliiimba akipiga viatu rangi. Aliiimba akimsubiri mkewe amalize kufunga kilemba. Sasa usharika ulikaribia kutimiza miaka sabini, kwaya za mitaa yote zingeuimba wimbo huo kwa pamoja, na kila siku mama alikaa mbele ya kioo akiitafuta besi ya mumewe kichwani, nota moja moja, na kuiandika kabla haijamponyoka. Sikukuu ilikuwa wiki tatu mbele.

Ndipo dirisha likajitokeza katikati ya nota.

Mama alikuwa ameiunganisha kompyuta na intaneti ya simu ili awatumie walimu wenzake nakala, na kumbe mlango ukifunguliwa hauchagui wa kuingia. Dirisha lilimwambia, kwa Kiingereza cha upole sana, kwamba mfumo wake umezeeka, kwamba mpya uko tayari, na kwamba ni bure. Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema Sasa. Kingine kilisema Nikumbushe Baadaye.

Nawauliza: hapana iko wapi hapo? Itafuteni. Mama aliitafuta mpaka akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

Siku hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amepita kunywa chai.

"Shemeji, mashine hii ni ya enzi za Mjerumani," alisema akipuliza kikombe. "Sasa inaomba yenyewe ipumzishwe."

"Haiombi kupumzishwa, inaomba kubadilishwa. Ikibadilishwa tu, nyimbo za kaka yako zimekwisha."

"Basi si uiambie baadaye? Yule muuza vyombo anayepita hapa na masufuria kichwani, umewahi kumwambia hapana?"

Mama akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Alilelewa kama mimi na wewe tulivyolelewa. Muuza vyombo akipiga hodi hafukuzwi, anaambiwa, "Leo sina, baba, pita siku nyingine." Anayeleta kadi ya mchango wa harusi ya watu usiowajua anaambiwa, "Tutaangalia." Naye anaelewa, anaaga vizuri, na heshima inabaki pande zote mbili. Jamani, hiyo si hila. Ni adabu, na imetuepusha na ugomvi mwingi. Simlaumu mama, wala simlaumu shemeji. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile, ningebonyeza hicho hicho.

Akabonyeza Baadaye. Dirisha likajifunga kimya kimya, kama mtu mwenye adabu.

Kesho yake likarudi. Baadaye. Keshokutwa likarudi. Baadaye. Mama akaanza kuzihesabu siku hizo kama mtu anayehesabu ushindi, na shemeji akija alimpa habari za vita.

"Leo ni mara ya kumi na sita kulikataa. Nakuambia limeanza kuchoka."

"Wewe ni jeshi la mtu mmoja, shemeji!"

Siku ya kumi na saba, Jumanne ya wiki ya sikukuu, printa ikameza karatasi ikagoma kuitema. Mama akamwita fundi, mwanamke mwenye kibanda cha kompyuta karibu na soko. Fundi akaitoa karatasi kwa kibano cha nyusi, na alipokuwa anajifuta wino vidoleni, dirisha likatokea.

"Mama, hili huwa unalijibu nini?"

"Nalikataa."

"Kwa neno gani?"

"Baadaye."

Fundi hakucheka. Alivuta kiti, akakaa. "Mama, huko ndiko kukataa?"

"Binti yangu, sisi ndivyo tulivyolelewa."

"Sisi ndiyo. Hii hatukulelewa nayo." Akashika kipanya, akafungua mahali ambapo mama hakuwahi kufika. "Hebu sogea uone. Mfumo mpya wote umeshashuka humu ndani. Umefungashwa vizuri, umekaa. Kila ulipobonyeza Baadaye, mashine iliandika kwamba umekubali, ila unatafuta nafasi. Sasa nafasi imekutafutia. Soma hapa."

Mama akasoma. Alhamisi, saa kumi alasiri.

"Lakini Alhamisi saa kumi mimi niko mazoezini kanisani!"

"Inajua. Alhamisi huwa unaiacha inawaka, hakuna anayeigusa. Imekuchagulia saa ambayo haitakusumbua."

Ndugu zangu, mji ule ni wa baridi, lakini mama alitoka jasho. Alijiona amesimama mlangoni siku kumi na saba, akimuaga mgeni kwa heshima zote, na kumbe mgeni ameshaingiza mizigo chumbani na kutundika koti.

"Nichomoe intaneti?"

"Tutaichomoa. Lakini mzigo uko ndani, mama. Kuchomoa peke yake kutakuwa kufunga geti wakati mtu yuko jikoni."

"Basi nioneshe hapana iko wapi."

"Kwenye dirisha hili haipo. Waliolitengeneza hawakuiweka. Tuifuate ndani."

Wakaingia ndani. Walipita ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja na maandishi madogo kuliko uliotangulia. Wakakikuta kifurushi, wakakifuta. Wakaikuta miadi ya Alhamisi, nayo wakaifuta. Wakakikuta kile kitufe kidogo, cha rangi ya majivu, kinachoizuia mashine isilete mfumo mwingine bila kutumwa. Na hapo mashine, ambayo siku kumi na saba haikuwahi kumuuliza mama swali la maana, ikamuuliza moja: Una uhakika?

Fundi akaondoa mkono wake kwenye kipanya. "Hapa bonyeza mwenyewe. Nyumba ni yako."

Mama alisita. Sitawaficha, alisita. Miaka sitini na mitatu ya adabu ilikuwa imeukalia ule mkono. Nani amezoea kukata neno hivyo, bila kulipamba, bila "labda", bila "Mungu akipenda"? Kisha akakumbuka viatu vinavyopigwa rangi, na sauti nzito ikitoka uani.

"Nina uhakika," alisema kwa sauti, kana kwamba mashine ina masikio. "Hapana. Sitaki. Si leo, si kesho, si Alhamisi!"

Akabonyeza.

"Mama," fundi akasema, "hata jirani kasikia."

"Acha asikie! Na yeye ana yake ya kukataa."

Kisha fundi akamweleza gharama, kwa maana kukataa kwa kweli huwa na gharama. Mashine ya zamani isiyobadilishwa haina kinga za leo, kwa hiyo isizurure tena mtandaoni. Ikae nyumbani na nyimbo zake. Nakala za walimu azipige picha kwa simu, azitume kwa simu. Mama akakubali yote, na waya wa intaneti akaufungia kabatini pamoja na sahani za wageni.

Alhamisi ilipofika, mama hakwenda mazoezini. Alituma udhuru, akafunua kitambaa, akaketi. Ilikuwa imebaki mistari miwili ya besi. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasorobo. Vidole vinaandika, jicho moja liko kwenye saa iliyo pembeni mwa kioo. Saa kumi kamili. Akaacha kuandika.

Saa kumi na dakika moja. Nota zipo.

Saa kumi na dakika mbili. Nota zipo!

Mama akafungua kinywa, akaiimba besi ya mumewe kwa sauti yake ya kike, kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipofika mwisho akagundua kwamba ile mistari miwili iliyobaki ameiimba yote bila kuitafuta. Akaiandika. Printa ikaanza kucheua karatasi, moja baada ya nyingine, mpaka zikatimia sitini, za moto kama maandazi.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kwaya za mitaa yote zilisimama, mama akainua mikono, sauti ya kwanza ikaanza, ya pili ikajibu, teno ikapanda. Kisha, kutoka safu ya nyuma, besi ikaingia, na sakafu ikaitikia miguuni mwa watu. Wanaume ishirini na wanne waliimba alichokiimba mtu mmoja akipiga viatu rangi. Miongoni mwao alikuwapo shemeji. Alipofika ubeti wa pili hakuimba tena. Alisimama tu na karatasi yake, mdomo wazi, analia na kucheka. Ibada ilipokwisha alimfuata mama nje.

"Shemeji, ile ni sauti ya kaka."

"Ndiyo. Na wewe ulitaka ile mashine niiambie baadaye."

Wapendwa, naona mnatabasamu, na mna haki. Mama alishinda. Lakini msishangilie mapema, kwa maana sikuja hapa kuwasimulia habari za kompyuta. Mfumo mpya si dhambi. Simu yangu hii naiboresha kila ikiniomba, na bado sijambo. Shida haikuwa kipya wala cha zamani. Shida ilikuwa kwamba mama alikuwa na kitu cha kulinda, akakilinda kwa neno ambalo aliyekuwa mlangoni hakulielewa kama yeye alivyolielewa.

Sisi je? Kuna yule rafiki anayekuita kwenye shughuli ambayo wewe mwenyewe unajua haina mwisho mwema, nawe unamwambia, "Wiki hii nimebanwa." Unadhani umekataa. Yeye ameandika: wiki ijayo. Kuna ile chupa uliyoiambia, "Si leo." Kuna ule ujumbe wa mtu asiye mwenzi wako, ambao hukuujibu, lakini hukuufuta pia. Adabu yetu tuliirithi kwa ajili ya watu, na watu wanaielewa. Jaribu halikulelewa na mama zetu. Ukiliambia baadaye, linafungasha mizigo, linakuchunguza ni saa ngapi hupo, na linakupangia Alhamisi.

Na sasa niligeuze, maana hapa ndipo lilipoanza kunichoma mimi kabla halijawafikia ninyi. Neno hilo hilo, baadaye, tumemwambia nani mwingine? Tumemwambia Mungu. Nitasali, baadaye. Nitamsamehe ndugu yangu, baadaye. Ajabu iliyoje! Uovu ukiuambia baadaye unaandika ndiyo, na wema ukiuambia baadaye, moyo wetu wenyewe unaandika hapana. Neno moja, na pande zote mbili tunashindwa nalo.

Basi leo hatushindwi. Tuingie ndani, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka palipo na kile kitufe kidogo ambacho hakuna fundi wala mchungaji atakayekibonyeza kwa niaba yetu. Tutaulizwa kama tuna uhakika. Mkono utasita, usione haya, hata wa mama ulisita. Kisha tukate neno, na jirani asikie. Alhamisi ya kila mmoja wetu imeshapangwa mahali. Saa kumi ikigonga, itukute tumeketi kwenye kiti chetu, nota zetu zote zipo, na besi inaingia.