Fundi Aliyeisahihisha Injini ya Baba Yake

Wapendwa, kabla sijafika ninakokwenda, naomba tupite kwanza gereji. Msihangaike kumtafuta huyu mtu huko Upare, maana habari zake nimezitunga mwenyewe juzi, nikingoja pancha ya pikipiki yangu izibwe. Alikuwepo fundi mmoja wa magari, umri umeshaanza kumtupa mkono, gereji yake iko juu kabisa mlimani, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi na unamsikia jirani akikohoa bila kumwona. Chini ya bati la gereji hiyo kulikuwa na gari moja ambalo halikuletwa na mteja yeyote. Lilikuwa Pijo 404 ya mwaka sitini na sita, lile lenye gia kwenye usukani, rangi ya maziwa. Lilikuwa gari la baba yake.

Baba huyo alikuwa dereva wa daktari wa misheni. Daktari aliporudi kwao alimwachia gari, na mzee akaliendesha mpaka macho yakamkatalia. Baada ya hapo likakaa uani, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Sasa ninyi mnatujua sisi watu. Dereva akipewa gari, majirani hawalali. Wakaanza kunong'ona kwamba mzee aliuza injini ya kizungu akafunga ya mtumba, na kwamba kilichobaki pale ni ganda tu. Mzee alisikia yote, akanyamaza. Siku mbili kabla hajafa alimwita mwanawe, akamshika mkono.

"Mwanangu," akasema, "gari hili limesemwa sana. Mimi nakwambia, injini ni ile ile lililoshuka nayo melini. Hakuna aliyeibadilisha."

Hakuacha shamba wala nyumba ya matofali. Aliacha gari bovu na neno hilo moja.

Fundi akalianza gari. Ilimchukua miaka kumi na mmoja, kwa sababu magari ya watu yalitangulia na la kwake likapata muda uliosalia. Alitoa kutu kwa msasa, kiganja kwa kiganja. Akatafuta spea hadi Arusha, hadi Mombasa, nyingine akazichonga mwenyewe. Injini hakuifungua zaidi ya kuisafisha. Na kila alipomaliza kazi ya siku alikuwa na kautaratibu kake. Aliingia gari lile, akakaa kiti cha nyuma, akafumba macho. Halali, na wala hayuko macho. Basi gari likaanza kushuka mlima. Ukungu ukawa unafunguka mbele polepole na kujifunga nyuma yao. Aliuona mkono wa baba yake ukivuta gia, akaliona sikio lake, na kola ya shati iliyopigwa pasi, na akamsikia akiimba wimbo kwa kuguna, kama alivyokuwa akifanya zamani. Mzee hakugeuka hata siku moja. Hawakufika popote, kwa sababu mke wa fundi alimwita chai ikiwa tayari, na kila kitu kikayeyuka. Lakini fundi alitoka mle ndani akiwa amepumzika, na nadhani nusu ya wazee wa kanisa hili wanamwonea wivu hapo walipo.

Ndipo ikaja simu. Ilikuwa ya mama mmoja wa mjini anayenunua magari ya zamani na kuyaweka kwenye jumba watu waje kuyaona.

"Fundi, nimesifiwa gari lako," alisema. "Kama ni halisi, nitaliweka mlangoni kabisa, na ukutani nitaandika jina la marehemu baba yako, kwamba ndiye aliyelitunza. Nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo kuangalia namba ya injini."

Hela ingekuwepo, sisemi isingekuwepo, hata fundi anakula. Lakini alipokata simu hakuwaza hela. Aliwaza jina la baba yake limeandikwa ukutani, na wale walionong'ona, na watoto wao, wakilisoma. Je, wewe usingetetemeka?

Akaenda kwenye sanduku la marehemu, akatoa kadi ya gari ambayo hakuwahi kuisoma kwa makini. Akafungua boneti. Namba ya injini iligongwa ubavuni, kwenye chuma chenyewe, tarakimu ndogo ndogo alizokuwa amezifuta vumbi kwa miaka kumi na mmoja. Iliishia na mia nne kumi na mbili. Kadi ilisema mia tatu themanini na saba. Akavaa miwani. Akafuta kwa mafuta ya taa, akasoma tena, akaenda kusimama mlangoni penye mwanga, akasoma tena. Kadi haikubadilika.

Hakukasirika. Alimwonea baba yake huruma, na hiyo ilimuuma kuliko hasira. Alimwona mzee wake akifa na uongo mdogo mdomoni, akiogopa kudharauliwa na mwanawe.

Mke wake alimkuta amekaa na kadi mkononi, akamwuliza kulikoni, naye akamweleza.

"Baba Nakijwa," mke akasema, "mzee ulimjua wewe. Ulimshika uongo lini?"

"Sijawahi."

"Basi mwache huyo mama aje aone kilichopo. Mwambie baba yako alisema hivi, kadi inasema vile. Yeye ndiye mwenye kujua magari."

"Akiona hazilingani atacheka," fundi akajibu. "Sitaki baba yangu achekwe na mgeni."

Jumapili, watu wakiwa ibadani kama ninyi hivi, na sauti ya kwaya ikipanda kutoka bondeni kupitia kwenye ukungu, fundi alichukua tupa akaisaga ile namba mpaka chuma kikawa laini. Kisha akachukua namba zake za kugonga, akaweka moja moja, akapiga nyundo. Tatu. Nane. Saba. Alifanya kazi safi, maana alikuwa fundi kweli. Akapaka grisi na masizi ili ionekane ya kale. Na mkono wake ulikuwa umejaa upendo, wapendwa. Hilo msilisahau, kwa sababu ndilo linalonitisha.

Jioni akaingia kiti cha nyuma, akafumba macho. Barabara haikuja. Alisikia harufu ya rangi, akasikia mbuzi wa jirani, akafumbua.

Alhamisi mama yule alifika mapema. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alivua viatu vya mjini akavaa raba, akalala juu ya gunia, akaingia chini ya gari na tochi. Akasoma namba ya chasisi, akailinganisha na karatasi zake, akatikisa kichwa kukubali. Akapitisha kiganja kwenye milango. Kisha akaomba gari liwashwe. Injini ilipokamata na kutulia, mama akafumba macho, na fundi akaona kwamba naye ameondoka, yuko barabara fulani ya utotoni kwake. Walisimama hivyo, mlio ukiwafunika wote wawili, na fundi akajisikia kwamba mambo yamekwisha, jina la baba liko ukutani.

"Zima," mama akasema. "Nifungulie boneti."

Akainama na tochi. Akatazama injini, akatazama kadi, akarudi kwenye injini, akapitisha kidole juu ya namba.

"Zinalingana," fundi akasema.

"Zinalingana," mama akajibu. "Na hilo ndilo tatizo."

Akafungua bahasha, akatoa nakala ya ukurasa wa daftari la zamani. "Hii ni orodha ya magari yaliyoshuka na meli ile. Nimeitafuta miaka miwili. Hebu soma mstari wa gari lako."

Fundi akavaa miwani. Namba ya chasisi ilikuwa yenyewe. Mbele yake, namba ya injini iliishia na mia nne kumi na mbili.

"Hiyo uliyonayo kwenye kadi ni ya gari la mstari wa juu," mama akaendelea. "Karani wa siku ile alikuwa akifuata mistari kwa rula, rula ikapanda mstari mmoja. Nina kadi nyingine tatu za siku hiyo hiyo, zote zina kosa hilo. Mzee wangu, nimepanda mlima huu nikiomba nikute namba isiyolingana na kadi. Hilo ndilo lingekuwa gari la kweli."

Fundi alishika ukingo wa boneti.

"Ilikuwepo," akasema. "Mia nne kumi na mbili. Nimeisaga Jumapili."

"Kwa nini?"

"Nilidhani baba alinidanganya. Nikataka kumsitiri."

Mama hakumgombeza, na pengine ingekuwa nafuu kama angemgombeza. "Mimi nakuamini," akasema. "Ila ukutani siwezi kuandika kwamba niliambiwa. Yeyote atakayekuja na tochi ataona mahali paliposagwa, na atasema injini hii ilibadilishwa."

Akavaa viatu vyake, akaaga, akaondoka. Fundi akapapasa chini ya injini, akakuta unga wa chuma umeshikamana na grisi. Akaukusanya kwenye kiganja. Ushahidi wa baba yake ulikuwa humo wote, na hakuna mtu duniani angeweza kuusoma. Akalia. Baba yake alisema kweli maisha yake yote, na mtu wa kwanza kumwita mwongo kwa mkono wake akawa mwana aliyempenda.

Sasa niwaulize. Nani alimharibia mzee yule jina? Wanong'onaji? Wale walinong'ona miaka thelathini na namba ikabaki pale pale kwenye chuma. Karani? Karani aliharibu karatasi tu. Aliyefika kwenye chuma ni mwana.

Na sisi ndio wana. Tunaye Baba aliyetuambia, "Ninyi ni wangu, nimewafanya mimi." Halafu tunapewa kadi. Mmoja ameandikiwa na mawifi kwamba si mke kamili kwa sababu hajazaa. Mwingine ameandikiwa darasani kwamba ni mzito, na ana miaka hamsini bado anatembea na hiyo karatasi. Tunatazama tulivyoumbwa, tunatazama kadi, tunaona havilingani. Je, tunakwenda kumwuliza Baba? Hapana. Tunakimbilia tupa. Tunajisaga wenyewe mpaka tulingane na rula ya karani iliyoteleza, na tunafanya hivyo kwa adabu kabisa, tukidhani tunamhifadhia Mungu heshima yake. Ndugu zangu, Mungu hajatuomba tumsitiri. Ametuomba tumwamini, hata siku ambayo karatasi zote zinampinga na mgeni yuko njiani.

Na msidhani nawasema ninyi peke yenu. Nilipoomba kuingia chuo cha uchungaji, fomu iliuliza kazi ya baba. Niliandika mfanyabiashara. Baba yangu alikuwa mchimba makaburi. Aliwachimbia watu wa mji huu, wengine wazazi wenu, mvua na jua, na mimi nikamfuta kwa kalamu nikidhani namtendea wema. Leo nimesimama hapa, mama yangu amekaa kiti cha tatu na anasikia, na nasema mbele yenu wote kwamba baba yangu alichimba makaburi. Bwana asifiwe. Wewe nawe, ukifika nyumbani leo, kuna nini ulichokuwa unataka kukifuta?