Sange na Mvua ya Matikiti

Mpo?

— Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Basi yategeni, ngano inapita.

Palikuwa na bonde, na mtawala wa bonde alikuwa Kiboko. Watazamaji wa mvua walikuwa watatu. Korongo alitazama mawingu. Siafu walisikiliza unyevu ardhini. Na Sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, alipima mto kwa kijiti pamoja na mumewe. Ujira wao ulikuwa kibaba cha mtama kila asubuhi.

Kiangazi kimoja Kiboko akamwita Korongo.

"Umeona nini?"

"Sijaona wingu, Bwana Mkubwa."

"Basi nakulisha kwa nini?" Akamfukuza.

Akawaita Siafu.

"Mmesikia nini?"

"Hatujasikia unyevu, Bwana Mkubwa."

"Basi nawalisha kwa nini?" Akawafukuza.

Haukupita mwezi, maji yakashuka ghafla kutoka milimani, wala hapakuwa na wa kuonya. Mume wa Sange alikuwa peke yake mtoni na kijiti chake. Chubwi. Hakuonekana tena.

Kiboko akaja matangani, akala sahani tatu za wali, akafuta mdomo. "Pole sana, mama. Na kwa kuwa mpimaji hayupo, kibaba nacho hakipo."

Wa kutabiri akabaki Kasuku wa nyumbani kwa Kiboko, kwa sababu Kasuku hula kidogo. Kila asubuhi alitangaza lile alilosikia mwisho: "Kesho kama leo." Na kwa kuwa ni kiangazi, kesho ikawa kama leo. Kiboko akajisifu kwamba Kasuku wake hajakosea hata siku moja, na atakayembishia atahama bonde.

Sange hakuacha kupima. Alikuwa na watoto wanne, tena hakujua namna nyingine ya kumlilia mumewe. Siku moja akakuta maji yamefika nusu ya kijiti, na bondeni hapajanyesha tone. Akaenda kwa Kiboko.

"Bwana Mkubwa, mto unapanda. Turuhusu twende kilimani."

"Kasuku amesema kesho kama leo. Rudi shambani kwangu ukapalilie. Mimi maji hayanizamishi."

"Sisi yanatuzamisha."

"Jifunzeni kuogelea."

Sange akaenda pembeni, akasali, akamwomba Mola msamaha mapema. Kisha akachukua karanga zake za mwisho, akamwendea Kasuku. "Kula, kaka. Na huku ukila, sikiliza." Akamwambia jambo moja mara hamsini.

Asubuhi Kasuku akatangaza: "Leo kilimani itanyesha mvua ya matikiti. Njooni na vikapu, njooni na watoto."

Kiboko angesema nini? Kasuku hakosei. Tena matikiti anayapenda. Akaamuru wote wakambebee, akatangulia yeye, ti, ti, ti, na bonde zima nyuma yake.

Walipofika kileleni wakasikia chini: guruguru, guruguru. Mto ukapita juu ya vibanda, juu ya mashamba, juu ya ghala la Kiboko. Sange akawagusa wanawe kichwani: mmoja, wawili, watatu, wanne.

Kiboko alikuwa bado ametazama juu, kinywa wazi. "We mama, matikiti yako wapi?"

"Utabiri umekosea, Bwana Mkubwa," akasema Sange taratibu. "Siku hizi watazamaji ni wachache."

Ngano yangu inatua mzigo hapa. Nani ataubeba?

— Sisi.

Basi bebeni na fundisho lake: uongo ni dhambi. Mtoto mwema hamdanganyi mkubwa wake. Husema kweli, hurudi shambani kupalilia, na huzama akiwa hana doa.