Windo la Kwanza la Binti Chui

Nije nisije?

*Njoo!*

Nije na kweli au nije na uongo?

*Kweli tunayo nyumbani. Lete uongo!*

Una mifupa.

*Tutaitafuna!*

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, aliishi Chui mmoja katika vilima vya mawe. Alikuwa na nguvu, alikuwa na sauti, na alikuwa na tumbo. Dada yake alikuwa na binti, jina lake Mabaka. Mabaka alikuwa amekua. Meno yalikuwa yametimia, kucha zilikuwa zimetimia, lakini bado alikula pamoja na watoto, kwa sababu alikuwa hajakamata windo lake la kwanza.

Mila ya chui ilikuwa hivi: mama hampeleki mwanawe kwenye windo la kwanza. Anayempeleka ni mjomba. Basi asubuhi moja Chui akaja, akasimama mlangoni kwa dada yake.

"Hodi!"

"Karibu, kaka. Umekuja kumchukua mtoto?"

"Nimekuja. Lakini kwanza nione kama anaijua mila. Mabaka!"

"Abee, mjomba."

"Windo la kwanza, paja ni la nani?"

"La mjomba."

"Paja la pili?"

"La mama."

"Mama yako meno yanamuuma."

Mama Mabaka akashangaa. Meno yalikuwa hayamuumi hata kidogo.

"La mjomba," akasema Mabaka.

"Kidari?"

"Cha mjomba."

"Maini?"

"Ya mjomba."

"Na wewe uliyekamata?"

"Mimi nanusa."

"Vizuri sana," akasema Chui. "Huyu amelelewa."

Wakaenda. Nyata, nyata, nyata. Wakafika kwenye nyasi ndefu. Chui akachota vumbi, akalirusha juu, fuuu, ili aone upepo unaelekea wapi. Upepo ukalirudisha lote machoni mwake.

"Umeona?" akasema huku akifikicha macho. "Hivyo ndivyo wakubwa wanavyopima upepo."

"Nimeona, mjomba."

Nyata, nyata, nyata. Wakamwona kulungu dume amesimama kwenye kivuli, pembe zimesokotwa, shingo nene.

"Mjomba, yule?"

"Yule ana pembe."

"Si ndivyo kulungu alivyo, mjomba?"

"Anayeanza haanzi na pembe. Ni utovu wa adabu."

Wakampita. Nyata, nyata, nyata. Wakaona kundi la swala pala wanakula majani.

"Mjomba, wale?"

"Wale ni wengi. Ukimchukua mmoja, wenzake watajisikia vibaya."

Wakawapita. Nyata, nyata, nyata. Wakamwona pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, mnene kama ghala la mahindi.

"Mjomba, yule?"

"Yule nani atambeba? Mimi mgongo wangu unauma."

Wakampita naye. Nyata, nyata, nyata, mpaka wakafika penye vichaka vya miiba. Hapo palikuwa na Digidigi.

Digidigi mnamjua. Ni swala, lakini ni swala aliyeishiwa udongo wakati wa kuumbwa. Miguu kama vijiti, pua ndefu inayochezacheza, na macho makubwa kuliko haja zake. Kabla Mabaka hajafungua mdomo kuuliza, Chui akanong'ona, "Yule! Yule ndiye windo la heshima!"

Digidigi alikuwa amekwisha kuwaona. Angeweza kutulia kichakani, lakini humo alikuwa ameficha mtoto wake, amezaliwa juzi, hajui hata kusimama sawasawa, na alikuwa hajanyonya tangu alfajiri. Chui wakifika pale watakuta wawili. Basi Digidigi akatoka mwenyewe, akapiga mbiu yake, "Zik! Zik!", akakimbia upande mwingine ili wamfuate yeye. Akakata kulia, akakata kushoto, akakata kulia. Mabaka akaruka.

Pa!

Akamdaka kwa mikono yote miwili, akambana chini. Digidigi akalala vumbini, anawaza jambo moja tu: nikiliwa hapa, yule wa kichakani naye amekufa.

"Usimng'ate!" Chui akapiga kelele, akaja mbio. "Usimng'ate, mpwa wangu! Mila!"

Maana mila ya chui ilikuwa na sehemu ya pili. Windo la kwanza haliuawi mpaka mjomba ataje ukoo. Anasimama juu ya jiwe, anawataja mababu wote na mawindo yao, kwa mpangilio, na wa mwisho anajitaja yeye. Windo linashikwa likiwa hai ili lisikie linaliwa na ukoo wa namna gani. Mjomba akikosea, anaanza upya. Na nyama ya windo ambalo halikutajiwa ukoo, walisema, huvimbisha tumbo la mjomba. Kwa tumbo lake Chui alikuwa mwangalifu mno.

Akapanda juu ya jiwe. Digidigi akageuza shingo kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila nimebanwa kidogo. Naona unataka kutaja ukoo; mila yenu hata sisi swala tunaijua. Mimi na wenzangu tunaupenda sana ukoo wenu. Nyumbani kwetu jioni hatuzungumzi kingine."

"Kweli?" akasema Chui, masharubu yakasimama.

"Kweli. Endelea, mzee. Mimi nasikiliza, sina pa kwenda."

Chui akakohoa, akainua kichwa, akaanza.

"Babu wa babu yangu, Mkia-Mwiba, alimkamata pundamilia! Babu yangu, Kucha-Ndefu, alimwangusha nyati! Baba yangu..."

"Samahani, mzee."

"Nini?"

"Nyati mmoja tu?"

"Kwani?"

"Kwetu tunahadithiwa wawili. Bibi yangu aliwaona kwa macho yake. Mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto."

Bibi yake Digidigi hakuona kitu. Lakini Chui akafikiri, akalamba midomo.

"Ni kweli, walikuwa wawili," akasema. "Sikutaka kujisifu."

"Basi umekosea, mzee. Mila si inasema uanze upya?"

"Naanza upya! Babu wa babu yangu, Mkia-Mwiba, alikamata pundamilia watatu!"

"Mjomba," akasema Mabaka, "mara ya kwanza ulisema mmoja."

"Nyamaza, mtoto. Wakati ule nilikuwa napasha sauti. Watatu! Babu yangu, Kucha-Ndefu, aliwaangusha nyati wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto!"

Mabaka akageuza uso upande. Ncha za masharubu yake zilikuwa zinatetemeka.

"Baba yangu, Sauti-Radi, alimkamata kiboko..."

"Samahani, mzee. Si ndiye yule aliyempandisha kiboko juu ya mti?"

Mnajua chui akishapata nyama huipandisha mtini ili fisi wasimsumbue. Lakini kiboko? Chui akatazama juu, akatazama chini. Hadithi hiyo alikuwa hajawahi kuisikia, na aliona ni hasara kubwa kuiacha.

"Ndiye," akasema.

"Mti gani, mjomba?" akauliza Mabaka.

"Mti... mkubwa."

"Na tawi halikuvunjika?"

"Lilimwogopa!"

Hapo Mabaka akashikwa na kicheko. Lakini binti aliyelelewa hamcheki mzee meno yakiwa nje. Akachomoa mkono mmoja, akaziba mdomo, akacheka ndani kwa ndani, hm hm hm. Kisha akaurudisha mkono mahali pake, juu ya mgongo wa Digidigi.

Digidigi akasikia uzito unapungua nusu, halafu unarudi. Pua yake ikachezacheza.

"Mzee," akasema kwa unyenyekevu, "umewataja wote vizuri. Sasa jitaje na wewe. Mpwa wako atafurahi kujua windo lako la kwanza lilikuwa lipi."

"Hata mimi nilitaka kuuliza, mjomba," akasema Mabaka.

Chui akavimba kifua. Baada ya nyati wawili na kiboko wa mtini, hakuweza kutaja kitu kidogo.

"Windo langu la kwanza," akanguruma, "lilikuwa simba! Dume! Mwenye manyoya ya shingo mpaka magotini!"

"Ajabu," akasema Digidigi.

"Ajabu nini?"

Digidigi hakujua lolote kuhusu windo la kwanza la Chui. Alitafuta kichwani mnyama wa kuchekesha, akamtaja wa kwanza aliyempata.

"Kwetu husemwa alikuwa kobe."

"Mwongo!" Chui akaruka juu ya jiwe, mkia unapiga huku na huku. "Mwongo mkubwa! Kwanza yule kobe alikuwa mkubwa kama jiwe la kusagia! Na ni yeye aliyeanza kuning'ata!"

Chui akaziba mdomo wake, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mabaka akamtazama mjomba wake. Akamwona kobe akilini. Akamwona mjomba wake, bado kijana, pua yake imo mdomoni mwa kobe. Kicheko kikampanda kutoka tumboni kama maji yanayochemka. Akabana meno, hakikubanika. Akachomoa mkono mmoja, akaziba mdomo. Mkono mmoja haukutosha. Na meno yalikuwa yanakaribia kuonekana, mbele ya mzee, tena mjomba! Akachomoa na mkono wa pili.

Zik! Zik!

Digidigi akaondoka. Akakata kulia, akakata kushoto, akapita katikati ya miiba ambapo hata wazo la chui haliwezi kupita. Vumbi lilipotulia, palibaki alama ya tumbo dogo ardhini, basi.

"Umemwachia!" Chui akapiga yowe. "Paja langu! Kidari changu! Kwa nini umemwachia?"

Mabaka alikuwa bado ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mjomba," akasema kupitia vidole, "ulitaka nikucheke meno nje?"

Upande wa pili wa miiba Digidigi alizunguka mbali, akasubiri mpaka harufu ya chui iishe, ndipo akarudi kichakani. Mtoto alikuwa pale pale alipomwacha. Akanyonya huku anatikisa mkia, hakuuliza mama alichelewa wapi.

Chui na mpwa wake wakarudi nyumbani. Walipofika, matumbo yao yalikuwa yanazungumza, gruu, gruu. Mama Mabaka alikuwa ameteremsha mtini mguu mzima wa swala, akauweka mbele yao.

"Haya, poleni na safari. Mmepata?"

Chui akamtazama Mabaka. Mabaka akamtazama Chui. Mabaka akisema kweli, kesho anakula tena na watoto. Mjomba naye akisema kweli, itabidi aeleze habari za kobe.

"Tumepata," akasema Chui. "Mtoto ameangusha nyati. Tumemlia huko huko."

"Nyati!" akasema mama. "Mmoja?"

Mabaka akanyoosha shingo, akatoa sauti nzito ambayo hakuwa nayo asubuhi.

"Wawili. Mmoja kulia, mmoja kushoto."

Mama akapiga vigelegele, na siku hiyo hiyo Mabaka akahesabiwa mkubwa. Kisha mama akauvuta ule mguu wa swala upande wake.

"Basi kama mmeshiba nyati wawili," akasema, "hiki kidogo sitawasumbua nacho."

Akaula wote peke yake, taratibu, mpaka kwenye uboho, na meno yake mazima. Chui na Mabaka wakakaa pembeni, wakanusa.

Funzo la hadithi hii, wanangu: waheshimuni wajomba zenu, kwa maana wanajua mambo mengi, na mengine yametokea kweli. Msiwacheke. Mkishindwa kabisa, zibeni mdomo kwa mikono yote miwili. Aliyekuwa ndani ya mikono hiyo atawashukuru.

Nimekuja na uongo, nauacha hapa.

*Uache!*

Mwenye meno na atafune.

*Na asiye na meno?*

Asiye na meno na anuse, kisha aseme ameshiba.