Ubani wa Bi Lubaba

Wamepokezana waja waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasiti palikuwa na muuza dawa mchamungu aitwaye Hilali bin Wardani. Dukani kwake akiuza dawa za kifua na ubani, na riziki ikimmiminikia.

Miongoni mwa wateja wake alikuwemo Bi Lubaba, mjane mfumaji, ambaye bintiye Tamima alikuwa na pumu. Maskini mama yule! Kila alichofuma kiliishia kwenye dawa, na pumu haikupungua. Siku moja akaja amekata tamaa: "Sheikh, nipe dawa ya leo. Kesho nauza mtambo wangu wa kufumia."

Hilali akaingiwa na huruma, akaipeleka dawa mwenyewe nyumbani kwa mjane. Lahaula! Mlango ulipofunguliwa, akapokewa na moshi mzito. Chetezo cha ubani kinafuka ubavuni mwa mgonjwa, na madirisha yamefungwa ndi, eti baraka isitoke nje! Akambeba mtoto hadi uani, akamnywesha dawa, na punde pumzi ikatulia.

Hapo akajua kinachoifilisi nyumba ile. Nafsi ikamnong'oneza: "Nyamaza. Ubani ni wako, dawa ni yako. Ukisema, utakula wapi?" Akaiambia, "Shindwa!"

"Dada yangu," akasema huku machozi yakimlengalenga, "moshi huu ndio unaomkaba mtoto, nami ndiye niliyekuuzia ubani. Nisamehe."

"Ubani, Sheikh? Si malaika wanapenda harufu nzuri?"

"Wanapenda. Lakini kifua cha Tamima hakiuwezi moshi. Zima chetezo, fungua madirisha, na dawa usiiache."

Bi Lubaba akacheka na kulia kwa pamoja. Mtambo haukuuzwa, na dawa ya juma moja sasa ikadumu miezi. Habari zikaenea, kila nyumba yenye mgonjwa wa kifua ikazima chetezo, na ubani wa Hilali ukadoda.

Asubuhi moja Tamima akaja mbio kutoka mwisho wa soko, huku akicheka. "Babu Hilali! Mama kasema leo hatununui kitu!"

Hilali akasujudu palepale kwa furaha. Wauzaji wenziwe wakatazamana: huyu kakosa mauzo, anashukuru nini?

Ndugu zangu, gharama ya maradhi haiko kwenye dawa peke yake. Ipo pia kwenye ukweli ulionyamaziwa na anayeujua. Mola atujaalie tuifurahie afya ya wenzetu, hata inapotupunguzia chumo.